Kiu ya Msisimko

Hakuna mji usio na mtoto wa namna hii. Wenzake wakioga ukingoni, yeye ameshafika mkondoni. Wakipanda mwembe, yeye yu kwenye tawi la mwisho, lile linaloinama. Darasani amemaliza hesabu zake, au amezichoka kabla ya kuzimaliza, na sasa anatafuta jirani wa kumchokoza. Apewapo pikipiki ya mjomba aifikishe kanisani, huifikisha mji wa pili. Nyumbani huitwa mtundu, mkaidi, kichwa kigumu. Nao mabibi husema amefanana na marehemu fulani wa ukoo aliyekufa majini. Na nduguye wa tumbo moja, aliyelelewa kwa uji uleule na fimbo ileile, huketi mlangoni akishona kifungo cha shati lake, wala hana haja ya mto, wala mwembe, wala pikipiki.

Juu ya mtoto huyo twasikia hukumu mbili. Wazee wasema: ana moyo mbaya, apigwe. Rafiki zake wasema: ni shujaa. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa hilo limewagharimu vijana wengi viungo vyao, na wengine uhai. Mtoto huyu hawazidi wenzake kwa uovu, wala hawazidi kwa ushujaa. Ana kiu tu, kiu ya mambo mapya yenye kusisimua mwili na akili. Wataalamu wa elimu ya nafsi wameichunguza kiu hiyo kwa zaidi ya miaka 60, na waliyoyaona yafaa yajulikane na kila mzazi na kila mwalimu.

Habari yenyewe yaanzia katika chumba kisicho na kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika chuo kikuu cha McGill mjini Montreal, nchini Kanada, wasaidizi wa profesa Donald Hebb waliwaajiri wanafunzi kwa kazi ambayo kila mvivu angeitamani: kulala kitandani bila kufanya lolote, kwa dola 20 kwa siku, fedha nyingi kwa wakati ule. Macho yao yalifunikwa kwa miwani iliyopitisha mwanga bila kuonyesha umbo la kitu. Mikono ilivikwa glavu na vizuizi vya karatasi ngumu, ili vidole visipapase chochote. Masikioni ulikuwapo mvumo mmoja tu wa mashine. Chakula walipewa, na chooni walipelekwa. Basi, hiyo ndiyo kazi. Wengi wao hawakuvumilia zaidi ya siku mbili au tatu. Fikira zao zilivurugika, mafumbo mepesi yaliwashinda, na baadhi yao wakaanza kuona vitu visivyokuwapo. Akili ya binadamu, ikinyimwa habari za ulimwengu, hujitungia zake.

Mtu asidhani kwamba hao walikuwa dhaifu. Mwaka 2014 wataalamu wengine, safari hii Wamarekani, walitangaza matokeo ya jaribio jepesi zaidi. Waliwaacha watu peke yao chumbani kwa dakika 15, bila kitabu wala simu, pamoja na kitufe cha kujipiga umeme. Kila mmoja alikuwa ameshauonja umeme huo, na alikuwa amesema angelipa fedha ili asipigwe tena. Kati ya wanaume 18, 12 walijipiga wenyewe. Kati ya wanawake 24, 6 walifanya vivyo hivyo. Maumivu waliyaona ni afadhali kuliko kukaa na mawazo yao kwa robo saa. Msomaji na alikumbuke jambo hilo siku atakapomkemea mtoto aliyechezea makaa mchana wa mvua.

Tena watu hawalingani katika hayo, kama vidole visivyolingana. Mmarekani Marvin Zuckerman, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2018, alifanya majaribio ya namna ya yale ya McGill, akataka kujua mapema ni nani atakayehangaika na ni nani atakayetulia. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitoa orodha ya maswali ya kupimia kiu hiyo. Jambo la kuchekesha ni kwamba watu waliojitolea kuingia katika vyumba vile vya kimya walikuwa mara nyingi wenye kiu kubwa, kwa kuwa walisikia kwamba huko huonekana maajabu!

Baadaye Zuckerman aligawanya kiu hiyo katika matawi manne. La kwanza ndilo tulijualo sote: kupenda mwendo wa kasi, mahali palipo juu sana, maji ya kina. La pili ni kupenda kuonja mambo kwa akili na kwa milango ya fahamu: chakula cha kigeni, muziki usiozoeleka, safari, marafiki wenye desturi nyingine. La tatu ni kujiachia: ulevi, kamari, kukesha katika ngoma, tamaa za mwili zisizo na kizuizi. La nne ni kuchoshwa upesi. Mtu wa tawi hili hawezi kuvumilia kazi ileile kila siku, wala msimulizi arudiaye hadithi yake, wala mahubiri ambayo mwisho wake aliujua tangu mwanzo.

Yafaa mzazi ayashike matawi hayo, kwa kuwa mtu aweza kuwa na kiu kubwa katika tawi moja na ndogo katika jingine. Msichana aogopaye hata ngazi ya kupandia darini aweza kuwa na njaa isiyoshiba ya vitabu na ya nchi za mbali. Zuckerman na waliomfuata waliona kwamba kwa wastani wanaume huwapita wanawake katika mwendo wa kasi, katika kujiachia na katika kuchoka upesi. Lakini katika tawi la pili tofauti ni ndogo au haipo kabisa. Basi, baba asemaye kwamba binti yake ametulia na hataki kitu, aulize kwanza kama amewahi kumwuliza.

Kuna jambo ambalo twapenda kulisema polepole, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mwenye kiu hii hatafuti hatari. Atafuta msisimko, na hatari ni bei ambayo yu tayari kuilipa, mara nyingi bila kuihesabu vizuri. Kwa hiyo si kila mtu aliye hatarini ana kiu hiyo. Kijana ashukaye katika shimo la kobalti karibu na Kolwezi, bila gogo moja la kuzuia udongo usimwangukie, hashuki kwa ajili ya kusisimka. Ashuka kwa sababu ya njaa na kodi ya nyumba. Kumwita mpenda hatari ni kumwongezea tusi juu ya mzigo wake.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mashariki ya nchi yetu, juu ya mji wa Goma. Mlima Nyiragongo una urefu wa karibu mita 3,470, na katika shimo lake la juu mawe yaliyoyeyuka yamechemka kwa miaka mingi kama uji chunguni. Mwaka 1948 Haroun Tazieff, mtaalamu wa miamba aliyekuwa akifanya kazi katika Kongo, aliliona ziwa hilo la moto, akalitangaza kwa ulimwengu. Baada yake wageni wengi walipanda, wakalipa fedha, wakatetemeka kwa baridi usiku kucha ukingoni, ili tu watazame chini. Lakini tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni, na mto wa moto ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuteketeza maelfu ya nyumba. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, ulipasuka tena. Mama wa Goma aliyekimbia usiku ule, godoro kichwani na mtoto mgongoni, aliuona moto uleule ambao mgeni aliulipia. Twauliza: ni nani kati yao aliyefahamu hatari? Na ni nani aliyekuwa na kiu?

Je, kiu hii yatoka wapi? Mwaka 1980 Zuckerman, pamoja na Waingereza David Fulker na Sybil Eysenck, walichapisha uchunguzi wa mapacha, jozi zaidi ya 400. Mapacha wa yai moja, ambao damu yao ni moja kabisa, walifanana katika kiu hiyo kuliko mapacha wa kawaida. Na hesabu ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti zilizoko baina ya watu huletwa na urithi wa kuzaliwa. Hatusemi kwamba nusu ya tabia ya mtoto fulani imeandikwa tumboni, wala kwamba malezi ni bure. Twasema kwamba ndugu wawili tuliowaona mwanzoni, wa mwembe na wa kifungo, hawakuja duniani na kipimo kimoja, na fimbo haiwezi kuwasawazisha.

Umri nao una neno lake. Kiu hupanda tangu mwanzo wa kubalehe, hufika kileleni katika miaka ya mwisho ya ujana, kisha hushuka taratibu mwaka kwa mwaka. Uwezo wa kujizuia, kwa upande wake, hukomaa polepole zaidi, hata baada ya miaka 20. Mto umejaa mwezi huu, na daraja litamalizika mwaka ujao. Ndiyo hali ya kijana wa miaka 16, awe wa Lubumbashi, awe wa Montreal.

Tena kuna marafiki. Mwaka 2005 Wamarekani Margo Gardner na Laurence Steinberg walitangaza jaribio la watu 306 wa marika matatu. Kila mmoja alicheza mchezo wa kuendesha gari katika kioo cha mashine: taa ya njiani yageuka kuwa ya manjano, nawe waamua kusimama au kuendelea, ukiendelea wapata alama nyingi zaidi, lakini ukichelewa kusimama gari lagonga na alama zapotea. Baadhi walicheza peke yao, wengine wakiwa na rafiki wawili wa rika lao wakiwatazama. Watu wazima, wa miaka 24 na kuendelea, walicheza karibu sawa katika hali zote mbili. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipotazamwa na wenzao walijihatarisha zaidi sana kuliko walipokuwa peke yao. Macho ya rafiki yalitosha.

Tuliposoma jaribio hilo tulimkumbuka mara moja kijana mmoja wa Afrika, ambaye wengi wetu twalijua jina lake bila kuijua vizuri habari yake. Aurelius Augustinus, yaani Agostino Mtakatifu, alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Katika kitabu cha pili cha Maungamo yake asimulia wizi wa mapea. Usiku, akiwa na kikundi cha vijana, aliutikisa mpea wa jirani, wakabeba matunda tele, na mengi wakawatupia nguruwe. Hakuwa na njaa. Kwao yalikuwapo mapea mazuri kuliko yale. Na miaka karibu 30 baadaye, akiwa askofu, anashindwa kuliacha jambo hilo lipite. Alipenda nini katika wizi ule? Anageuza swali huku na huku, kurasa kwa kurasa, mpaka anafika penye neno ambalo Gardner na Steinberg wangelifurahia: peke yake asingalifanya.

Wahubiri hukumbuka mapea. Sisi twapenda wazazi wakumbuke jambo jingine lililoandikwa kurasa chache kabla yake. Mwaka ule Agostino alikuwa na umri wa miaka 16, naye alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule ya Madaura. Baba yake, mtu asiyekuwa tajiri, alikuwa akitafuta fedha za kumpeleka Kartago kusoma zaidi. Kijana mwenye akili kali kuliko wote wa rika lake alikaa mwaka mzima bila kitabu, bila kazi, bila mwalimu, akizungukazunguka mitaani na wenzake. Karo ilikosekana! Ni wangapi katika parokia zetu wako katika mwaka huo wa Agostino leo, wamekaa kizingitini mwa shule ya sekondari wakingoja fedha ambazo shangazi aliahidi? Huyo mwenye kiu ndogo atangoja. Atamsaidia mama sokoni, atalala mchana. Mwenye kiu kubwa hawezi. Usimwache katika chumba cha McGill, kisha ushangae kwamba ametikisa mti wa watu. Mpe kazi iliyo ngumu kweli, si kufagia ua kwa mara ya pili. Mpeleke kwa fundi wa magari, kwa mvuvi wa usiku, kwa mpiga ngoma. Mpe wadogo zake awafundishe kuogelea, kwa kuwa yeye ndiye anayejua.

Twajua kwamba wazee watatujibu kwa methali: mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo ina akili yake, lakini yafaa kwa wembe ukatao kidole kimoja. Haifai kwa pikipiki isiyo na breki, wala kwa pombe ya kienyeji iliyokolezwa na dawa za vidonge. Kwa upande wa pili, kuficha nyembe zote hakusaidii, maana mwenye kiu atazifukua. Kumbe kati ya kutoa na kuficha yako mambo mengi ya kufanya, na mengi yatudai sisi tulio wakubwa tutoe jasho kidogo.

Hata maneno yetu ya kuonya yadai jasho. Katika Kentucky na Tennessee, majimbo mawili ya Marekani, profesa Philip Palmgreen na wenzake walitengeneza matangazo mafupi ya televisheni ya kuwaepusha vijana na bangi, wakaanza kwa kuuliza: ni nani hasa avutaye? Waliona kwamba vijana wenye kiu kubwa ya msisimko huvuta zaidi kuliko wenzao. Basi matangazo yalitengenezwa kwa ajili ya hao: ya haraka, yenye nguvu, yenye mambo yasiyotazamiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uvutaji ulipungua miongoni mwa vijana hao, ambao kabla ya hapo ulikuwa ukipanda. Kwa wenye kiu ndogo, ambao tangu mwanzo walivuta kidogo, hakukuwa na badiliko. Twaomba walimu wenzetu na makatekista wetu walipime hilo. Onyo la saa nzima, lisemwalo kwa sauti moja, huwafikia watoto watulivu wasiokuwa na haja nalo. Yule aliyelengwa alishatoka dirishani kwa mawazo tangu neno la tatu. Kama twataka atusikie, na tumlete mbele ya vijana yule dereva aliyepoteza mguu barabarani, asimulie mwenyewe kwa dakika kumi, kisha tunyamaze.

Tena kiu hii ina kazi zake ulimwenguni. Nani atazima moto ghalani? Nani atazamia majini kumtafuta aliyezama? Twarudi kwenye milima ya moto, kwa mume na mke, Wafaransa kutoka Alsace, Maurice na Katia Krafft. Tangu miaka ya 1960 walizifuata volkano popote zilipolipuka, wakazikaribia kuliko wengine wote, na kurudi na picha ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Wengi waliwaona kuwa wamerukwa na akili, na hatuwezi kusema kwamba hawakuwa na sababu: tarehe 3 Juni 1991 wingu la moto la mlima Unzen, nchini Japani, liliwaua wote wawili pamoja na watu wengine 41. Yeye alikuwa na umri wa miaka 45, Katia 49.

Lakini kabla ya hapo, baada ya maafa ya mwaka 1985 katika mji wa Armero, Kolombia, ambapo zaidi ya watu 20,000 walifunikwa na tope la volkano, Maurice alikuwa ameanza kutengeneza filamu ya kuwafundisha watu wa kawaida jinsi mlima wa moto unavyoua. Filamu hiyo ilipelekwa Ufilipino, ambako mlima Pinatubo ulikuwa umeanza kutoa moshi. Ilionyeshwa kwa wakuu wa serikali, kwa askari na kwa wenyeji ambao hawakusadiki kwamba mlima wao mtulivu ungewadhuru. Walipoona picha, walisadiki, na makumi ya maelfu wakahama. Pinatubo ulilipuka kwa nguvu zake zote tarehe 15 Juni 1991, siku 12 baada ya kifo cha hao wawili.